Sijda Ndefu ya Mzee Kibwana

Wanangu mnaoanza kazi ya utafiti wa dawa, karibuni, na poleni. Mie nimeshastaafu. Nakaa zangu Bunju, nafuga kuku, na ninachowapendea kuku ni kwamba akiumwa utamwona anaumwa. Binadamu si hivyo. Binadamu, hasa wa Temeke, atakuja amebebwa mgongoni, umuulize habari, akujibu "nzuri."

Nilikuwa muuguzi, wakiniita Sista Hidaya, na miaka yangu ya mwisho niliimalizia kwenye kituo kimoja cha utafiti kule Chang'ombe, nyuma ya karakana za magari. Kazi yangu ilikuwa kumuuliza mtu dawa imemfanyaje, nikasikiliza, nikaandika. Nilipowaeleza nyumbani, mdogo wangu akasema, "Yaani dada umeajiriwa kwa umbea?" Nikamwambia ndiyo, ila huu ni umbea wenye vipimo.

Tuelewane kwanza hapo kwenye vipimo, maana ndipo vijana wengi mnapopotea. Ukitaka kujua kama dawa inaumiza kichwa, haitoshi kuhesabu vichwa vinavyouma. Chang'ombe vichwa vinauma hata bila dawa. Kuna joto, kuna mashine za kuchana mbao, kuna singeli kwa jirani tangu asubuhi. Lazima ujue vichwa hivyo vingeuma kiasi gani kama dawa isingekuwepo. Ndiyo maana watu wanagawanywa makundi mawili. Utafiti ninaotaka kuwasimulia ulikuwa wa dawa mpya ya presha. Washiriki wote waliendelea na dawa yao ya siku zote; nusu wakaongezewa hiyo mpya, nusu wakaongezewa kidonge tupu, kinachofanana nayo rangi mpaka umbo. Nani anameza kipi, hakuna aliyejua pale kituoni. Si mie, si daktari, si mmezaji. Kisha unauliza pande zote mbili maswali yaleyale, kwa sauti ileile, na mwisho wanaoshika siri ya makundi wanalinganisha. Huku wakizidi kuumwa kuliko kule, ndiyo hatari yenyewe hiyo.

Ni rahisi ukiisema. Sasa nenda kamuulize Mzee Kibwana.

Mzee Kibwana alikuwa seremala, mtu wa pwani hasa, mrefu, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa. Alishaacha kazi lakini mikono yake ilikuwa bado inapapasa kila meza anayoikaribia. Siku moja akaja kwenye ahadi yake na bandeji kubwa juu ya jicho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za tangu tulipoonana?"

"Salama."

"Dawa imekuletea shida yoyote?"

"Hamna, alhamdulillahi."

"Na hiyo bandeji?"

Akaigusa kama ndiyo kwanza anaiona. "Hii? Hii ya nje. Wewe si umeniuliza dawa? Dawa iko tumboni."

Ikabidi nimbane. Akasema amejigonga kwenye kabati. Nikaandika: amejigonga kwenye kabati. Nikampeleka kwa daktari akasafishwa kidonda, nikaona nimemaliza.

Aliyekuwa ananifundisha kazi wakati huo ni Sista Adelina, Mhaya wa Bukoba, mwanamke wa mwili na kicheko. Alikuwa anapitia kila nilichoandika. Alipofika kwenye kabati akavua miwani.

"Hidaya, hili kabati lilimfuata?"

"Hapana sista."

"Lilikuwa limesimama palepale linaposimama siku zote?"

"Nadhani."

"Basi hatuna habari ya kabati hapa. Tuna habari ya mtu aliyekuwa anakwenda mahali akafika pengine. Kamuulize vizuri."

Sista Adelina alikuwa na njia yake, na hiyo ndiyo nataka muichukue hata kama mengine mtayasahau. Hakuwaga anamuuliza mtu anajisikiaje. Alikuwa anasema, "Hebu nisimulie jana, tangu ulipofungua macho." Halafu ananyamaza. Kulikuwa na mama mmoja mpishi wa harusi, kila akija anasema hana tatizo. Kwa Sista Adelina akaanza kusimulia jana yake, mara akafika kwenye pilau la watu lililokuwa chumvi tupu mpaka bwana harusi akaomba maji kabla ya kukaa. Kumbe ulimi wake hauonji tena. Alidhani kwa kuwa hakuna panapouma, si ugonjwa. Tena Sista Adelina alikuwa mkali kwenye jambo moja: usimwekee mtu maneno mdomoni. Ukimwambia "hukusikia kichefuchefu?" kesho yake atakuja anatapika kwa heshima yako.

Aliyehitaji ulinzi zaidi kwenye hilo ni Mwalimu Festo. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Songea, mfupi, suruali ya kitambaa na kalamu mbili mfukoni. Mzee Kibwana alikuwa hasemi kitu. Mwalimu Festo alikuwa anasema vyote. Tangu aanze kidonge, tumbo linanguruma kwa sauti ya kuuliza swali. Anaota ndoto za kusimamia mitihani. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimekuwa na ubaridi. Jogoo wake amekuwa mkimya.

"Mwalimu, jogoo hajameza dawa."

"Sista, mimi naripoti. Uchambuzi ni wenu."

Na alikuwa sahihi! Sheria ya kazi ni kwamba hatuchagui. Tunaandika kila kinachompata mshiriki, iwe kimetokana na dawa au na uzembe wa dereva wa bodaboda. Jogoo tu ndiye niliyemkatalia. Kishikwambi chetu kilikuwa kinataka kila kitu kipewe ukubwa, kidogo, cha kati au kikali, halafu useme kama kinahusiana na dawa. Hebu fikirini mtu mzima na miwani yangu nimekaa najadiliana na Dokta Kessy kama ndoto ya mitihani ni ya kati au kali.

"Alifaulu?" Dokta Kessy akauliza.

"Alikuwa msimamizi."

"Basi ndogo."

Dokta Kessy ndiye aliyekuwa mkuu wa pale. Kijana wa Kilimanjaro, mwembamba, mtaratibu, anakula andazi kwa uma. Wakati huo alikuwa na mzigo mkubwa kichwani. Kamati ya usalama ya utafiti ilikuwa inakaribia kukutana ili iamue kama dozi ipandishwe, na dawa kwa upande wa presha ilikuwa inafanya vizuri. Upande wa madhara tulikuwa na maudhi madogo madogo tu: tumbo, usingizi, ubaridi wa kidole. Kizunguzungu, ambacho ndicho kila mtu alikuwa anakiogopa kwa dawa ya aina ile, karibu hakipo. Ukimuuliza mshiriki, "Je, umepata kizunguzungu?" anajibu hapana, tena kwa kukataa kabisa. Kila kitu kilikuwa kinaelekea kwenye kupandisha.

Basi nikamtafuta Mzee Kibwana nimuulize vizuri, na kabla sijampata nikakutana na mkewe. Bi. Mwanaidi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mcheshi, na siku hiyo alikuwa sokoni Temeke Sterio anachagua nazi kwa kuzitikisa karibu na sikio. Nikamwamkia, tukasimama kivulini, nikamuuliza mzee anaendeleaje.

"Mzee yuko vizuri mno," akasema. "Mwanangu, mume wangu amekuwa walii."

"Amekuwaje?"

"Mcha Mungu! Zamani alikuwa anaswali haraka, mpaka namwambia bwana we, umefukuzwa? Sasa hivi mwangalie anaposwali sunna zake. Akienda sijda haondoki. Yuko chini palepale, paji la uso kwenye mkeka. Mie napika, naonja, naongeza tui, narudi, bado yuko chini. Msikitini ndiyo usiseme. Imamu alimtolea mfano mbele ya watu, kwamba tazameni unyenyekevu wa mzee wetu. Sasa hivi kuna vijana wanamuiga. Wanakwenda chini pamoja naye, wanashindana nani atabaki."

"Na kwenye swala ya jamaa, inabidi amfuate imamu si ndiyo?"

"Hapo hujikaza. Akiinuka humshika bega wa pembeni. Watu wanasema ni mapenzi kwa ndugu zake."

Nilisimama pale sokoni na kikapu changu mkononi. Nililiona lile kabati. Nikawaona na watu wote waliotuambia "hapana," na dozi inayotaka kupanda juu yao.

Nikarudi kituoni siku ileile. Dokta Kessy alikuwa anatayarisha picha za kuonyesha kamati. Nikamwambia, "Dokta, kuna mzee mmoja anachelewa kuinuka." Nikamsimulia yote, sijda, bega la jirani, vijana wanaoshindana. Mwanzoni alikuwa anacheka. Halafu uma wa andazi ukasimama hewani.

"Sista, sie tunawapima presha wakiwa wamekaa."

"Ndiyo."

"Wamekaa tu. Hatujawahi kumpima mtu amelala halafu akasimama."

Sista Adelina aliyekuwa mlangoni akapiga kofi mapajani. "Na hakuna mtu wa Temeke anayeanguka amekaa!"

Kesho yake tukamwita Mzee Kibwana. Akalala kitandani kwa adabu, viatu amevipanga chini. Nikampima, nzuri. Dokta Kessy akasema, "Haya mzee, sasa simama, tukupime tena."

Mzee akabaki amelala. "Sawa."

"Mzee, simama."

"Nasimama. Ngojeni nimalizie uradi."

Tukangoja. Midomo yake ikawa inacheza. Sista Adelina akawa anatazama dari. Mwisho uradi ukaisha, kwa sababu kila uradi una mwisho, na Mzee Kibwana akainuka kama mtu mwenye heshima zake, wima, kwa mara moja. Akasimama. Akatutazama. Halafu akafungua mikono akamkumbatia Dokta Kessy.

Dokta naye, masikini, akadhani ni shukrani, akamkumbatia vilevile. Ndipo uzito wote wa seremala ukamshukia. Wakaenda nyuma taratibu, wakachukua pazia, wakachukua na chuma cha pazia, wakakaa chini wote wawili wamefunikwa kama maharusi. Mie nikapiga magoti pale chini, nikamfunga mzee kifaa mkono ukiwa umetokeza nje ya pazia, nikampima. Presha ilikuwa imeshuka mpaka nikakiangalia kifaa mara mbili.

Tulipomfunua, nikamuuliza, na safari hii nikakumbuka mafunzo. "Mzee, nisimulie kimetokea nini tangu ulipoinuka."

"Nimeinuka," akasema, "macho yakaingia giza, dunia ikaondoka kidogo, halafu nikamwona daktari karibu."

"Hiyo huwa inakutokea?"

"Kila nikiinuka."

"Mzee wangu! Mbona kila siku nakuuliza kizunguzungu unasema huna?"

Akaniangalia kwa huruma. "Sina kizunguzungu. Kizunguzungu ni unazunguka kama pia. Mie sizunguki. Hiki ni kisunzi. Hujawahi kuniuliza kisunzi."

Dokta Kessy, pazia bado liko begani, akarudia neno hilo polepole: "Kisunzi." Mtu wa Kilimanjaro, neno hilo alikuwa halijui.

Basi ikawa kila mshiriki anaitwa, analala, anasimama, anapimwa, na tunamuuliza kwa maneno ya kwao: macho yanaingia giza? Unashika ukuta? Dokta Kessy akamwekea kila mtu kiti nyuma na muuguzi ubavuni, maana kituo kilibakiwa na pazia moja. Na wakaanza kusema. Mama mmoja alidhani nyumba yake mpya imejengwa vibaya, sakafu inainama. Mwingine alikuwa ameacha kuinama kuokota kitu, anamwita mjukuu, na akajiona amefikia umri wa kuheshimiwa.

Mwalimu Festo naye akaja, ameshasikia habari mtaani.

"Sista, hata mimi."

"Hata wewe nini, mwalimu? Mie sijasema kitu."

"Hicho ambacho hujakisema, hata mimi ninacho."

Akalala, akasimama. Presha haikuyumba hata kidogo, wima kama mlingoti wa bendera ya shule. Akaomba arudie. Akarudia. Akashika kichwa, akapepesuka kidogo kuelekea upande wenye kiti. Tukamwandikia vilevile, kama alivyosema, maana sheria ni sheria.

Dokta Kessy akapeleka vipimo kwenye kamati. Wao ndio walioshika siri ya makundi, wakalinganisha upande na upande, na jibu likarudi fupi: dozi isipandishwe, ishushwe, na kila mshiriki aambiwe ainuke kwa awamu, akae kwanza kitandani, ndipo asimame. Siku ile Sista Adelina alituletea senene, wale panzi wa kwao wa kukaanga, kutoka kwenye akiba yake, na mtu wa Bukoba hagawi senene hovyo.

Mngedhani mambo yameisha. Hayakuisha, kwa sababu dozi iliposhushwa, na sijda ya Mzee Kibwana ikashuka.

Akaja kwangu siku si ya ahadi yake, akakaa, akapapasa meza.

"Sista, mmeniponya."

"Alhamdulillahi."

"Mmeniponya na mmeniharibia. Msikitini nakwenda chini, nainuka kama watu. Wamegundua. Jana kijana kaniuliza, mzee wetu vipi, imani imeyumba? Imamu kaniambia ananiombea." Akashusha sauti. "Hebu nambie. Hamwezi kunirudishia kile kidonge kimoja tu, cha siku za Ijumaa?"

Nilitaka kucheka lakini uso wake ulikuwa hauchekeshi. Alikuwa mzee aliyechonga milango ya watu maisha yake yote, hakuna aliyemtazama mara mbili, na mara moja tu safu nzima ya msikiti ilikuwa imemtazama. Nikamwambia haiwezekani, anaweza kuanguka akavunjika nyonga. Akasema anajua. Akasema alikuwa anauliza tu. Na nikamwambia ukweli mwingine, kwamba mie mdomo wangu umefungwa, habari za mshiriki hazitoki kituoni; kwa hiyo kama anataka kunyamaza, anyamaze, hakuna atakayejua.

"Bi. Mwanaidi anajua," akasema. "Na yeye mdomo wake hamkuufunga." Akaondoka.

Yaliyofuata sikuyaona, alinihadithia Bi. Mwanaidi mwenyewe, aliyekuwa upande wa wanawake ameinua pembe ya pazia. Baada ya adhuhuri, watu wanatafuta viatu, Mzee Kibwana akamwomba imamu nafasi ya neno moja. Watu wakakaa, wakitegemea mawaidha. Akawaambia ile sijda ndefu haikuwa unyenyekevu. Ilikuwa presha. Akawaambia alikuwa analala pale chini akiomba kitu kimoja tu, asije akainuka akamwangukia imamu. Na yule aliyeshikwa bega, asamehe, haikuwa mapenzi.

Halafu kijana mmoja katika wale waigaji akanyoosha mkono, akasema, "Mzee, sie wenzio tuliokuwa tunakaa chini kama wewe, kila tukiinuka tunaona nyota. Tulidhani ndiyo nuru!"

Hapo msikiti ukaangua kicheko, na imamu akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Halafu, anasema Bi. Mwanaidi, imamu akaacha kucheka, akauliza taratibu, "Mzee Kibwana, hicho kisunzi kinakuwaje?" Mzee akamweleza. Imamu akasema, "Hata mimi." Na mzee wa pembeni yake akasema hata yeye, tangu alipobadilishiwa dawa. Na mwingine nyuma, kwenye nguzo.

Asubuhi iliyofuata nilifika kituoni nikakuta kanzu nyeupe zimejaa kibarazani mpaka karakana ya jirani. Hata mmoja hakuwa mshiriki wetu. Wazee watupu, kila mmoja na mfuko wa vidonge alivyoandikiwa huko alikoandikiwa, wakiongozwa na Mzee Kibwana. Mwalimu Festo, ambaye hakuitwa na mtu, alikuwa ameshawapanga mistari na anawakataza kuongea.

Dokta Kessy akatoka, akawatazama. Haikuwa kazi yetu, na hakuna aliyetuagiza. Tulikuwa na kitanda kimoja. Akanitazama mie, nikamtazama Sista Adelina, Sista Adelina akakunja mikono ya gauni.

Tukatoa mabenchi nje, tukatandika shuka. Tukawalaza mmoja mmoja, tukawasimamisha, tukawapima. Waliohitaji kubadilishiwa dozi Dokta aliwaelekeza warudi kwa madaktari wao na maelezo mkononi. Wengine walihitaji tu kuambiwa wainuke taratibu. Tuliendelea hivyo mpaka adhana ya alasiri ikasikika kutoka ng'ambo ya karakana. Wale waliobaki wakanyanyuka kwenda kuswali, kwanza wakikaa wima, wakivuta pumzi, ndipo wakisimama, huyu kamshika huyu bega, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.